Maswali Machache Kando ya Kitanda: Jinsi Majeruhi Alivyoanza Kupimwa kwa Nambari

Mama unayeandaa chakula saa hii, nyanya unayemlea mjukuu, baba uliyeketi dukani ukingoja wateja, sogea karibu na redio. Wiki nyingine tumezungumza juu ya malaria, chanjo na lishe. Leo tuzungumze juu ya ajali, na juu ya swali ambalo kila mzazi huuliza akifika hospitalini na mtu wake akiwa anavuja damu: je, ataishi?

Mtoto ameanguka kutoka kwenye mwembe, au kijana amegongwa na pikipiki. Mnafika kasualti mkikimbia. Muuguzi anakuja, na badala ya kuchukua sindano au dawa, anamshika mgonjwa mkono, anatazama saa yake, anahesabu. Anamwuliza, "Unaitwa nani? Uko wapi?" Anamfinya ukucha kwa nguvu. Anafunga mpira wa presha mkononi. Kisha anaandika nambari kwenye karatasi. Wazazi wengi hukasirika hapo. Wanasema, "Mtoto wangu anakufa na huyu anaandika!"

Mzazi mwenzangu, hasira hiyo naielewa. Lakini nambari hizo zina historia ndefu, na zilitafutwa na watu waliochoka kuona majeruhi wakifa wakiwa kwenye foleni. Ukiijua historia hiyo, utajua pia jambo ambalo wewe mwenyewe unaweza kuliangalia kabla hujafika hospitalini.

Nani ahudumiwe kwanza?

Tuanzie mbali kidogo, Ufaransa, miaka ya 1790. Ilikuwa enzi ya vita vikubwa barani Ulaya. Wakati huo askari aliyejeruhiwa aliachwa pale pale alipoanguka mpaka mapigano yaishe, na mara nyingi ilikuwa ni kesho yake. Aliyebahatika kuchukuliwa mapema alikuwa afisa au mtu mwenye cheo.

Daktari mpasuaji mmoja wa jeshi hilo, Dominique Jean Larrey, hakuridhika. Alitengeneza magari mepesi ya kukokotwa na farasi ili kuwatoa majeruhi uwanjani vita vikiwa bado vinaendelea. Zaidi ya hayo, alifundisha kwamba aliyeumia vibaya zaidi ahudumiwe kwanza, awe jenerali au askari wa kawaida, bila kuangalia cheo chake.

Hilo ndilo wazo tunalolitumia mpaka leo tunapowagawa wagonjwa kasualti. Aliyefika kwanza si lazima aonwe kwanza, na anayepiga kelele zaidi huenda ndiye mwenye nafuu. Mtu anayelia kwa sauti ana pumzi ya kulilia. Aliyenyamaza kabisa ndiye anayetutia wasiwasi.

Lakini Larrey alijuaje ni nani aliyeumia vibaya zaidi? Alitumia macho yake na uzoefu wake. Na uzoefu, mama, ni kama mkono wa mpishi: yeye anajua chumvi inatosha, ila hawezi kumpa mwingine mkono wake. Ilihitajika njia ambayo hata muuguzi mgeni, usiku, peke yake, angeweza kuifuata na kupata jibu lile lile.

Saa, mpira na sikio

Vifaa vilikuja kimoja kimoja. Mwaka 1707 daktari Mwingereza, John Floyer, alitoa kitabu juu ya saa aliyotengenezewa maalum kwa ajili ya kuhesabu mapigo ya moyo. Saa hiyo ilikwenda dakika moja. Kabla ya hapo waganga walishika mkono na kusema mapigo ni "laini" au "magumu", "ya haraka" au "mazito". Saa ikaleta hesabu. Sabini ni sabini, iwe ni London au Lamu.

Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1896, daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alionyesha mpira wa kufunga mkononi na kujazwa hewa. Alipandisha hewa hadi mapigo ya kifundo cha mkono yakapotea, akaishusha taratibu hadi yakarudi. Hapo akasoma nguvu ya damu, ile nambari ya juu ya presha. Mwaka 1905, huko Urusi, daktari wa upasuaji Nikolai Korotkov akaongeza kusikiliza kwa chombo cha masikioni, na nambari ya chini nayo ikaweza kusomwa vizuri.

Kwa majeruhi, nambari ya juu ndiyo inayoangaliwa sana. Mtu akipoteza damu, iwe inatoka nje au inavuja tumboni pasipoonekana, moyo hukimbia ili kufidia. Mishipa hujibana, mikono na miguu inakuwa baridi, ngozi inatoa jasho. Mwili ukishindwa kufidia zaidi, presha inaanguka. Ndiyo maana mgonjwa ambaye hana hata jeraha la kuonekana anaweza kuwa hatarini kuliko aliyelowa damu usoni.

Funzo kutoka chumba cha uzazi

Sasa nikuulize mama. Ulipojifungua hospitalini, ulisikia mkunga akisema mtoto wako amepata "nane kwa kumi" au "tisa kwa kumi"? Alama hizo pia zina mwanzo wake.

Virginia Apgar alikuwa daktari wa nusukaputi mjini New York, Marekani. Aliona kwamba watoto wachanga wengi waliozaliwa wakiwa dhaifu hawakuangaliwa ipasavyo, kwa sababu macho yote yalikuwa kwa mama. Mwaka 1952 alipendekeza mambo matano ya kuangaliwa dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu ya misuli, jinsi anavyoitikia akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila jambo lilipewa 0, 1 au 2. Mwaka 1953 pendekezo hilo likachapishwa.

Hakuna mashine kubwa iliyohitajika. Macho, mikono, saa na chombo cha kusikilizia moyo vilitosha. Ila mkunga alilazimika kumtazama mtoto na kumpa alama, na ukishampa mtoto alama 3 huwezi kumfunika shuka na kuondoka. Alama inakusukuma kufanya kitu. Watu wa ajali walikuja kujifunza jambo hilo hilo.

(Muziki mfupi)

Glasgow, mwaka 1974

Wasikilizaji, tunarudi. Sasa twende Scotland, katika mji wa Glasgow. Madaktari wawili wa upasuaji wa ubongo, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walikuwa na shida moja. Wagonjwa walioumia kichwa waliletwa kwao kutoka hospitali nyingine, na kila mtu alieleza hali yao kwa maneno yake. Mmoja aliandika "amezimia nusu", mwingine "amelewa usingizi", mwingine "hajielewi". Daktari wa usiku akisoma maneno ya daktari wa mchana, hakuweza kujua kama mgonjwa amepata nafuu au anazidi kuzama.

Mwaka 1974 walichapisha kipimo chao. Waliuliza mambo matatu tu. La kwanza, macho yanafunguka vipi: yenyewe, kwa kuitwa, kwa kuumizwa, au hayafunguki kabisa? La pili, anaongea vipi: anajua yuko wapi, amechanganyikiwa, anatoa maneno yasiyo na maana, anatoa sauti tu, au yuko kimya? La tatu, viungo vinajibu vipi: anafuata agizo kama "inua mkono", anausukuma mkono unaomwumiza, au hafanyi chochote?

Kipimo hicho, katika umbo linalotumika sasa, huanzia 3 mpaka 15. Macho yana alama 4, maneno 5, viungo 6. Hata asiyejibu kitu hupata 1 katika kila sehemu, kwa hivyo hakuna sufuri. Mwenye 15 yuko macho na anajielewa. Mwenye 8 au chini ya hapo yuko katika hatari kubwa, na mara nyingi hawezi hata kulinda njia yake ya hewa.

Jambo la maana kwetu ni hili: kipimo kilitungwa ili wauguzi na madaktari wapya waweze kukitumia na kukubaliana. Ndiyo sababu yule muuguzi anauliza maswali yanayoonekana ya kitoto. "Unaitwa nani? Leo ni siku gani?" Anajua jina tayari, limeandikwa kwenye faili. Anachopima ni ubongo.

Watoto wadogo walileta tatizo. Mtoto wa miezi minane hawezi kukuambia leo ni Jumanne. Mwaka 1982 madaktari wa Adelaide, Australia, walichapisha kipimo cha namna hiyo kilichorekebishwa kwa ajili ya watoto, na vingine vikafuata. Kwa mtoto mchanga tunaangalia kama anatazama, kama analia kilio cha kawaida, kama ananyamazishika akibebwa, kama anashika kidole. Hapo, mama, wewe ndiwe mtaalamu. Hakuna daktari anayejua kilio cha mtoto wako kuliko wewe. Ukisema, "Huyu halii hivi siku zote," muuguzi mzuri anaandika maneno hayo.

Walioongea kisha wakafa

Mwaka 1975 kutoka hapo hapo Glasgow ulitoka utafiti mwingine ambao kila mlezi angepaswa kuujua. Uliwahusu watu walioumia kichwa, wakaweza kuzungumza baada ya ajali, na bado wakafa. Kwa nini mtu aliyekuwa akiongea afe? Kwa wengi wao damu ilikuwa imevilia ndani ya fuvu. Fuvu halitanuki kama tumbo. Damu ikizidi ndani, ubongo unabanwa polepole, na mgonjwa anaondoka kutoka kuongea, hadi kusinzia, hadi kutoamka. Katika wengine waligundua kwamba kuchelewa kutambua mabadiliko hayo kulichangia kifo.

Huku kwetu mara ngapi tumesikia maneno haya matangani: "Lakini alikuwa anaongea! Alikula hata ugali, akasema anaenda kulala." Si uchawi, ndugu zangu, na si jirani aliyemtazama vibaya. Mara nyingi ni damu iliyokuwa ikijikusanya kimya kimya.

Kwa hivyo nambari moja haitoshi. Tunapima mara ya kwanza, halafu tunarudia. Mgonjwa aliyekuwa na 15 saa nne asubuhi na sasa, saa tano, ana 13, anatutisha kuliko aliyeletwa na 13 akapanda kufika 14. Ukimwona muuguzi akirudi tena na tena na maswali yale yale, usiseme amesahau. Anatafuta kama kuna ngazi mgonjwa aliyoteremka.

Hesabu za Marekani

Mwaka huo huo wa 1974, huko Marekani, Susan Baker na wenzake walichapisha njia ya kujumlisha ukali wa majeraha ya sehemu mbalimbali za mwili. Ilikuwa njia nzuri kwa watafiti. Lakini ili kuitumia ni lazima ujue majeraha yote, na mengine hujulikana baada ya eksirei, upasuaji, au hata baada ya mtu kufa. Haimsaidii muuguzi aliye mlangoni.

Mwaka 1981 kundi lililoongozwa na daktari Howard Champion lilileta alama za kando ya kitanda, na mwaka 1989 zikarekebishwa. Safari hii walichukua mambo matatu: kipimo cha Glasgow, presha ya juu, na idadi ya pumzi kwa dakika. Kwa kukadiria nafasi ya kuishi, kila moja ilizidishwa kwa nambari yake. Ile ya Glasgow, kwa mfano, huzidishwa kwa 0.9368. Kwa mwenye kompyuta ni rahisi. Kwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa kumi na wawili na kalamu inayokaribia kuisha wino, ni mlima.

Hata hivyo hesabu hizo zilifundisha jambo moja kubwa. Katika yale mambo matatu, lililobeba uzito mkubwa zaidi lilikuwa fahamu. Ubongo ni wa kwanza kulalamika ukikosa hewa, ukikosa damu, au ukigongwa wenyewe.

Jibu kutoka Kampala

Sasa tuje nyumbani, kwa majirani zetu wa Uganda. Katika miaka ya 1990, daktari mpasuaji Olive Kobusingye, pamoja na Ronald Lett kutoka Canada na wenzao, walianza kuweka kumbukumbu za majeruhi waliofika hospitalini Kampala, ikiwemo Hospitali ya Mulago. Walihitaji kipimo kinachofaa hospitali yenye wagonjwa wengi, wahudumu wachache na vifaa vichache. Wakaunda kipimo kinachojulikana kama Alama za Majeraha za Kampala, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2000.

Mambo yake ni matano. Tuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kidole cha kwanza ni umri. Kuanzia miaka 5 hadi 55, alama 2. Mdogo au mkubwa kuliko hapo, alama 1, kwa sababu mtoto mchanga na mzee wana akiba ndogo mwilini.

Cha pili ni presha ya juu. Zaidi ya 89, alama 4. Kati ya 50 na 89, alama 3. Chini ya 50, alama 2. Isiyopimika kabisa, alama 1.

Cha tatu ni pumzi kwa dakika. Kati ya 10 na 29, alama 3. Kuanzia 30 kwenda juu, alama 2. Tisa au chini, alama 1.

Cha nne ni fahamu, tena kwa njia nyepesi. Yuko macho, alama 4. Anaitika akiitwa, alama 3. Anajibu akiumizwa tu, alama 2. Hajibu kitu, alama 1.

Cha tano ni majeraha makubwa. Kama hana hata moja, alama 3. Akiwa na moja, alama 2. Yakizidi moja, alama 1.

Jumla ya juu ni 16, ya chini ni 5. Aliye na 14 hadi 16 ameumia kidogo, 11 hadi 13 ni wastani, na chini ya 11 ameumia vibaya. Baadaye kilitengenezwa kipimo kilichofupishwa chenye jumla ya 10, kwa hivyo hospitali moja inaweza kutumia nambari tofauti na nyingine.

Tuchukue mfano wa kufikiria. Kijana wa bodaboda, miaka 30, amevunjika paja. Umri unampa 2. Presha yake ni 84, anapata 3. Anapumua mara 32, anapata 2. Anafungua macho akiitwa, anapata 3. Jeraha kubwa ni moja, anapata 2. Jumla 12. Akiachwa kwenye benchi bila damu kuzuiwa na bila dripu, huenda ukarudi ukamkuta anajibu akifinywa tu, na pumzi zimeshuka hadi 8. Presha ni 70, bado alama 3. Sasa jumla ni 10. Kijana ni yule yule na jeraha ni lile lile. Kilichobadilika ni muda.

Je, kipimo hiki chepesi kinafanya kazi? Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliokilinganisha na vile vya Marekani, kwa kutumia kumbukumbu za majeruhi wa Uganda. Kilikaribiana navyo katika kutabiri nani angekufa, huku kikiwa rahisi zaidi. Tangu hapo kimejaribiwa nchi nyingine za Afrika, zikiwemo Malawi na Cameroon. Wengine pia walielekea kwenye urahisi. Mwaka 2011 madaktari wa Japani walipendekeza alama zinazotumia mambo matatu tu: kipimo cha Glasgow, umri na presha.

Nambari haisemi nini

Hapa nataka tusikilizane vizuri. Alama hizi hutabiri juu ya kundi la watu. Zinaweza kusema kwamba katika majeruhi wengi wenye alama za chini, wengi zaidi watafariki kuliko wenye alama za juu. Haziwezi kusema kwamba mtoto huyu, wako, atakufa usiku huu. Wapo wenye alama za chini waliorudi nyumbani kwa miguu yao, na wapo wenye alama nzuri walioharibika ghafla.

Kwa hivyo ukisikia kwenye zamu wakisema "huyu ana sita", usikate tamaa na usianze kupiga simu za mazishi. Alama ya chini maana yake ni "harakisheni": hewa, damu, upasuaji, au rufaa kwenda hospitali kubwa. Na wewe mwenzangu muuguzi unayesoma kijitabu hiki, alama ya chini isiwe sababu ya kumsogeza mtu pembeni wakati msaada upo.

Kwa watoto kuna tahadhari ya ziada. Presha ya mtoto hushikilia muda mrefu hata akipoteza damu nyingi, kisha huanguka kwa ghafla. Tena mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima hata akiwa mzima. Kwa hiyo presha nzuri isitulaze usingizi. Tunaangalia pia mikono na miguu kama ni baridi, mapigo ya moyo, rangi yake, na kama anacheza au amelegea.

Kitu kingine cha kujua ni haki yako. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mtu aliyeumia vibaya ahudumiwe kwanza, mambo ya malipo yafuate. Sema hivyo kwa upole, lakini sema.

Wewe mlezi ufanye nini?

Huhitaji mashine ya presha nyumbani. Ajali ikitokea, hakikisha kwanza mahali ni salama. Omba msaada, piga 999 au 112, au mtume mtu atafute gari. Kisha angalia mambo machache.

Fahamu: je, yuko macho? Kama hayuko, anaitika ukimwita kwa jina? Kama haitiki, anashtuka ukimfinya? Au hajibu kabisa?

Pumzi: tazama kifua kikipanda na kushuka, hesabu kwa dakika moja nzima kwa saa ya simu yako.

Damu: inatoka wapi? Bonyeza hapo kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kila mara ili kuchungulia.

Saa: ajali ilitokea saa ngapi, na alianza kubadilika saa ngapi? Andika, hata kama ni kwenye kiganja cha mkono.

Usimpe chakula wala chai, huenda atahitaji upasuaji. Usimkunje shingo wala kumkalisha kwa nguvu ndani ya matatu. Anayetapika mgeuze ubavu, kichwa na mwili vikigeuka pamoja.

Ukifika hospitalini, mwambie muuguzi kwa ufupi: "Saa nane alikuwa anaongea. Saa nane na nusu akawa anaitika tu akiitwa. Sasa haitiki." Sentensi hizo tatu ni dhahabu. Umempa muuguzi kipimo cha kwanza na cha pili kabla hajagusa mgonjwa.

Na kama mmeruhusiwa kurudi nyumbani baada ya kuumia kichwa, endelea kuangalia hasa siku ya kwanza na ya pili. Rudi mara moja ukiona haya: anatapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanazidi, anatetemeka kwa degedege, ni vigumu kumwamsha, mboni za macho hazilingani, mkono au mguu mmoja umelegea, au damu au maji meupe yanatoka puani au masikioni. Kwa mtoto mchanga ongeza utosi uliovimba, kukataa kunyonya, na kulia kusikonyamazishika. Usingoje asubuhi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio tunaowafunga sare za shule asubuhi, na ndio wanaopanda pikipiki jioni kutafuta riziki. Dawa ya kwanza ni kuzuia ajali: kofia ngumu kichwani, mkono wa mtoto ukivuka barabara. Ajali ikishatokea, dawa ya kwanza ni mtu aliye karibu kuona mapema na kusema mapema.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu umetutupa mkono. Leo jioni, mfundishe mtu mmoja nyumbani kwako yale maswali ya fahamu: yuko macho, anaitika akiitwa, anajibu akiumizwa, au hajibu? Mfundishe pia kuhesabu pumzi kwa saa ya simu. Mpaka wiki ijayo panapo majaliwa, mtunzane, na kwaherini.